Mafuta Yaliyosalia

Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Somo letu lataja mama mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Kisha mwenye kudai akaja. Hakuja kutaka ng'ombe wala shamba. Alikuja kuwachukua watoto wawili wa kiume wa mama yule, wawe watumwa wake. Watoto hao hawakutekwa vitani, wala hawakuiba. Hatia yao ilikuwa hii tu, kwamba baba yao alidaiwa. Ndivyo deni linavyoweza kumfunga mtu pasipo kamba wala mnyororo.

Jambo hili si la nchi ya Israeli peke yake. Sisi twakaa katika nchi ya dhahabu. Tokea Mwakitolyo na Kahama upande wa Shinyanga, hata Nyarugusu na Rwamgasa upande wa Geita, ardhi imetobolewa na watu waitafutao. Kazi yenyewe si dhambi. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, chataja kwa mshangao ustadi wa wachimbaji wanaoning'inia mbali na watu, wakileta nuruni yaliyofichwa gizani. Nasi twawajua ndugu wengi waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa jasho la machimboni. Basi hatusemi kwamba kila mchimbaji ni mtumwa. Twasema juu ya yule ambaye angependa kuondoka, lakini hawezi, kwa sababu ya deni.

Tuangalie jinsi kamba hiyo inavyosukwa. Kijana atoka kijijini mwaka wa ukame, wakati ghala ni tupu. Asikia kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana. Afika machimboni hana kitu. Mwenye duara, au mfadhili wake, ampokea, ampa unga na maharage, ampa tochi na kamba, anunua na magogo ya kuzuia kuta za shimo. Mshahara hakuna, ahadi ni kwamba mawe yakipatikana yatagawanywa. Majuma yapita, pengine miezi, na mwamba wenye dhahabu haujaonekana. Kila kibaba cha unga chaandikwa. Akiugua, dawa yaandikwa. Akitaka kumpelekea mama yake fedha kidogo, nazo zaandikwa. Hata siku mawe yatokapo, gharama zakatwa kwanza, ndipo mafungu yagawanywe. Na daftari la gharama hizo li mkononi mwa mtu mmoja tu. Kijana aambiwa kwamba fungu lake limekwisha kuliwa, tena bado adaiwa. Akiondoka, atapoteza jasho la miezi yote; akikaa, deni lazidi. Basi akaa.

Ziko na kamba nyingine. Mnunuzi wa dhahabu hutanguliza fedha na zebaki, kwa sharti kwamba mchimbaji asimwuzie mtu mwingine, na bei ataitaja yeye mwenyewe mnunuzi. Binti huletwa kutoka mbali kufanya kazi katika nyumba ya chakula au ya pombe, na akifika huambiwa kwamba nauli yake ni deni, wala hatapokea kitu mpaka ameilipa. Mwanamke mwenye kuosha mchanga wa marudio hukopa mtaji kwa riba ambayo watu wenyewe wameipa jina lake la kweli, "kausha damu". Nao watoto huingia kazini pamoja na wazazi wao, ili daftari lipungue upesi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa yake juu ya machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, na Geita na Shinyanga zilikuwa miongoni mwa mahali walipopatembelea. Walikuta watoto wenye umri wa miaka minane wakifanya kazi ya mawe, na wengine wakishika zebaki kwa mikono yao, sumu inayoharibu ubongo na mishipa ya fahamu.

Wala sisi si peke yetu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 27 ulimwenguni walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, na baadhi yao walishikwa kwa deni. Hivyo mlio wa mjane yule haujanyamaza.

Labda msomaji atauliza: Je, sheria haiko? Iko, tena ni njema. Utumwa ulikatazwa katika nchi hii zamani. Wadachi walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na mwaka 1922, chini ya Waingereza, hali ya utumwa ikaondolewa kabisa katika Tanganyika. Siku hizi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kulazimishwa, nayo yataja waziwazi kazi ya kufungwa kwa deni. Sheria hiyo hiyo yakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Na mwaka 2008 ikaja sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Basi kila mwinjilisti na ajue neno hili na kulifundisha: mtu aweza kudaiwa fedha yake, bali mwili wake hauwezi kuwekwa rehani.

Lakini historia yatufundisha kwamba uhuru wa karatasi peke yake haudumu. Tutazame Unguja. Mwaka 1897 sultani alitoa amri kwamba mtumwa aweza kwenda mbele ya hakimu na kupewa uhuru wake. Bwana wa mtumwa alilipwa fidia. Mtumwa mwenyewe hakupewa shamba wala jembe. Matokeo yakawa nini? Wengi walibaki katika mashamba yale yale ya karafuu, wakifanya kazi siku kadhaa za juma kwa ajili ya mwenye shamba, ili wapate mahali pa kujenga kibanda na kulima mihogo. Jina la mtumwa lilikuwa limefutwa. Shamba lilikuwa bado la bwana wake.

Kumbe Torati ilikuwa imeona jambo hilo mapema. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtumwa akiisha kutumika miaka sita, mwaka wa saba aachwe huru. Tena hakuishia hapo. Aliwakataza kumwacha aende mikono mitupu. Iliwapasa kumpa kwa ukarimu katika kundi, na katika nafaka, na katika divai. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyetoka mlangoni pasipo mbegu wala mnyama atarudi mlangoni pale pale kabla ya mvua za pili. Nao walikumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa katika Misri, na Bwana akawakomboa.

Basi turudi kwa Elisha, tuone jinsi alivyofanya, maana njia yake yatufaa hata leo.

Kwanza, Elisha alimwuliza mama yule alicho nacho nyumbani. Hakumwuliza kwa nini mumewe alikopa, wala hakumlaumu. Naye mama akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Sisi tukimwona mtu aliyefungwa kwa deni, twaona haraka upungufu wake: mjinga huyu, kwa nini aliondoka kwao? Nabii alitafuta kilichosalia. Kijana aliyekaa shimoni miaka mitatu ajua kupasua mwamba, ajua kujenga kuta za magogo, ajua kuvumilia. Mwanamke aliyepikia wachimbaji hamsini ajua kununua na kuuza. Hiyo ndiyo chupa ya mafuta. Msaada wa kweli huanza kwa kuheshimu kitu ambacho mtu anacho tayari.

Pili, Elisha alimtuma kwa majirani wote, akaazime vyombo vitupu, wala si vichache. Hapa yatupasa kukaa kidogo. Mungu angaliweza kumjaza mama yule mafuta pasipo jirani hata mmoja. Hakufanya hivyo. Tena twasoma kwamba chombo cha mwisho kilipojaa, mafuta yalikoma. Neema ya Mungu haikupungukiwa. Vyombo ndivyo vilivyokwisha. Wapendwa, usharika ndio majirani wale. Mungu yuko tayari kumimina, naye atuuliza kama vyombo vyetu viko.

Na vyombo hivyo ni nini? Havikuwa dhahabu; vilikuwa vyombo vitupu, vitu vya kawaida vya jikoni. Kadhalika sisi. Mzee wa kanisa ajuaye hesabu anacho chombo. Mwenye shamba lisilolimwa anacho chombo. Fundi cherehani awezaye kumfundisha binti mmoja kazi anacho chombo. Mshona viatu, mfuga kuku, mwalimu mstaafu, wote wanavyo. Akina mama wenye kikundi cha kuweka na kukopa wanacho chombo kikubwa sana, maana mtu apatapo mkopo mdogo kwa watu wamjuao, kwa riba ndogo iliyopatanwa mbele ya wote, hana haja tena ya kupiga hodi kwa mkausha damu.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili. Wakulima wa pamba walipochoka na mizani ya wanunuzi, hawakwenda mmoja mmoja kulia mbele ya mizani ile. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mtu mmoja mbele ya mizani ni mnyonge. Watu mia mbele ya mizani huifanya iseme kweli. Vivyo hivyo wachimbaji wakijiunga katika kikundi, wakitafuta leseni yao, na kupeleka dhahabu yao katika soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, mahali ambapo bei hutangazwa na mizani huonekana na wote, kamba ya mnunuzi mmoja yalegea.

Tatu, wale watoto wawili hawakuketi. Mama alimimina, nao walikuwa wakimletea vyombo. Waliokuwa karibu kuchukuliwa utumwani ndio waliofanya kazi ya ukombozi wao. Tusimfanye mtu tuliyemsaidia kuwa mtoto wetu daima, aje kila Jumapili kupokea na kushukuru. Mtu wa namna hiyo amebadili bwana tu. Tumpe kazi ya kubeba vyombo, tusikie shauri lake, tumpe nafasi katika baraza la kikundi, ili amwonyeshe njia mwingine aliye bado shimoni.

Nne, na hili ndilo kiini cha neno letu, Elisha hakusema tu kwamba deni lilipwe. Alimwagiza mama auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na watoto wake waishi kwa yaliyosalia. Hayo yaliyosalia ndiyo tofauti kati ya uhuru wa siku moja na uhuru wa kudumu. Kama usharika ukichanga sadaka na kulipa deni la kijana mmoja, kisha ukamwacha njiani na nguo zake tu, je, umemfungua? Mwenye daftari amepata fedha yake, na kesho atamwandika mwingine. Na kijana, mwezi wa njaa, atarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Lakini akipewa robo ya shamba na mbegu, au ufundi na vyombo vyake, na mahali pa kulala, na watu wa kumwita kwa jina lake, amepata mafuta yaliyosalia.

Kanisa la nchi hii lina kielelezo chake. Mwaka 1896, Lutindi katika milima ya Usambara, palijengwa nyumba kwa ajili ya watoto waliookolewa mikononi mwa wauza watumwa. Hawakuambiwa tu kwamba wako huru, wajitafutie. Walipewa nyumba na malezi. Baadaye Lutindi ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na kazi ya rehema ikaendelea pale pale. Wale waliotutangulia walielewa kwamba kumfungua mtu ni mwanzo wa kazi.

Hapa mtu ataweza kuuliza: Je, kila deni ni la kulipwa? Elisha alisema deni lilipwe, nasi twafundisha kwamba Mkristo alipe anachodaiwa kwa haki. Lakini soma na Nehemia, sura ya 5. Huko maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao na kuwatoa watoto wao utumwani, na waliowashika walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuchanga fedha kwa ajili ya deni lile. Alikasirika, akawakemea wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba, na nyumba, na riba. Nao wakarudisha. Basi liko deni la haki, na liko deni la udhalimu, lililoongezwa katika daftari ambalo mdaiwa hakulisoma kamwe. La kwanza lilipwe. La pili lipelekwe mbele ya mkutano, yaani kwa Afisa Kazi, au kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au kwa wasaidizi wa kisheria, ambao sheria ya mwaka 2017 imewapa nafasi ya kuwasaidia wasio na uwezo. Kulipa udhalimu kwa sadaka ni kuulisha.

Na neno hili laingia mpaka ndani ya kanisa. Huenda mwenye daftari ameketi katika benchi la mbele. Huenda fungu la kumi analoleta lina jasho la vijana ambao hawakulipwa. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, afundisha kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe hupiga kelele, na kilio cha wafanya kazi humfikia Bwana wa majeshi. Kila mtoto wa Kipaimara amefundishwa amri ya saba. Katekisimo Ndogo yetu haiishii kukataza wizi. Yatutaka pia kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zistawi na kulindwa. Naye Luther, katika mwaka 1540, aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri juu ya riba, wasinyamaze kwa kuwaogopa wenye fedha. Basi ndugu uliye mwenye duara, au mfadhili, au mnunuzi, twakusihi kwa upendo: fungua daftari lako. Liandikwe mara mbili, moja kwako na moja kwa mfanya kazi. Gharama zitajwe siku ile ile zitokeapo. Atakaye kuondoka na aondoke, akiwa na fungu lake. Zakayo alifanya zaidi ya hayo, na siku ile wokovu uliingia nyumbani mwake.

Ninyi wainjilisti wa sharika zilizo karibu na machimbo, anzeni na mambo madogo. Wafundisheni vijana kusoma, kuandika na kujumlisha, maana mtu awezaye kusoma daftari si rahisi kumfunga kwa daftari. Watembeleeni walio katika mahema ya machimbo, msiwangoje waje kanisani. Mkiona mtoto akiponda mawe wakati wenzake wako darasani, semeni na wazazi wake kwa upole. Ada ya shule ya msingi ya serikali iliondolewa, lakini daftari, sare na chakula vyaweza kumzuia, na hapo usharika wapata chombo cha kuazimisha. Mkiona mtoto anayeteswa, pelekeni habari kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au pigeni simu namba 116, isiyo na malipo.

Nanyi wa sharika za vijijini ambako vijana hao hutoka, sehemu yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Wengi hawarudi nyumbani kwa sababu ya aibu. Walisema watarudi na baiskeli au na ng'ombe, nao hawana hata nauli. Mwana mpotevu alijua kwamba nyumbani kuna chakula. Hakujua kama kuna mlango. Pelekeni habari machimboni kwamba mlango uko wazi. Na arudipo, asiulizwe mbele ya watu dhahabu iko wapi. Apewe jembe, aonyeshwe shamba, aketi mezani.

Ndivyo Bwana wetu alivyotutendea sisi. Hakulipa deni letu akatuacha nje ya gereza. Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, afundisha kwamba mtumwa hakai nyumbani siku zote, bali mwana hukaa. Na yule ambaye Mwana amemweka huru, yu huru kweli. Kristo alitufungua kwa damu yake, kisha akatuingiza nyumbani mwa Baba, akatupa urithi. Huo ndio uhuru udumuo. Nasi tuliokombolewa hivyo, twawezaje kumkomboa jirani nusu tu?

Tuombe: Ee Bwana, wewe ulisikia kilio cha watu wako katika Misri, usikie na kilio kitokacho chini ya ardhi yetu. Walegeze mikono wenye madaftari, uwape toba. Uwape nguvu waliofungwa. Utujalie sisi kuwa majirani wenye vyombo, wala si vichache, hata mafuta yako yasikome kwa sababu yetu. Kwa Yesu Kristo, Mwana wako, Bwana wetu. Amin.